Mbio Juu ya Barafu: Siku Tatu Katika Mji wa Eagle River

Na Mwandishi Wetu

Ndugu msomaji, sisi tuliozaliwa katika nchi za joto tukitajiwa baridi hufikiria asubuhi za mwezi Juni kule Lushoto au Njombe, mtu anapojifunika mablanketi mawili na kuota moto wa kuni. Mimi nami nilikuwa hivyo hadi Januari 2019, nilipokwenda kumtembelea mdogo wangu katika jiji la Milwaukee, jimbo la Wisconsin, kaskazini mwa Marekani. Huko nilikutana na baridi ya namna nyingine kabisa: baridi inayogandisha maziwa mpaka magari yakapita juu yake, na inayomfanya mtu asiyevaa sawasawa aone uchungu wa masikio kabla hajafika kituo cha basi.

Mdogo wangu anafanya kazi kiwandani, zamu ya usiku. Mkewe, yaani wifi yangu, ni mzaliwa wa Tanga, na nyumbani alikuwa mtu asiyepitwa na shughuli ya jirani, iwe harusi au msiba. Hayo yalikuwa majira yake ya tatu ya baridi katika nchi ile, nami nilimkuta amebadilika. Mapazia ya nyumba yalikuwa yamefungwa mchana kutwa. Hakutoka nje ila kwenda dukani au kuwapokea watoto shuleni. Usiku wa kwanza, watoto walipokwisha kulala, aliniambia kwa sauti ya chini: "Wifi, hapa kuanzia Novemba hadi Aprili watu hatuishi, tunangoja tu." Siku chache baadaye mdogo wangu alinieleza kwamba mkewe alikuwa amekwisha kumwambia kuwa, akipata nauli, atarejea nyumbani na watoto wote wawili. Yeye hakuwa na jibu la kumpa.

Msaada ulitoka mahali tusipopatarajia. Katika kiwanda kile alikuwako fundi mmoja mzee, mzaliwa wa kaskazini mwa jimbo, ambaye kila Januari huenda katika mji mdogo uitwao Eagle River kutazama mbio za pikipiki za theluji. Alikuwa na kijumba cha mbao alichoachiwa na wazazi wake. "Njooni wote," alisema. "Nguo za baridi nitawaazima." Wifi alikataa mara mbili. Mara ya tatu alikubali, nadhani kwa kunionea haya mimi mgeni.

SAFARI YA KASKAZINI

Kutoka Milwaukee hadi Eagle River ni mwendo wa zaidi ya kilomita 350. Tuliondoka Ijumaa adhuhuri. Kwanza tulipita mashamba ya wafuga ng'ombe wa maziwa, yote meupe, kisha mashamba yakakoma na misonobari ikaanza, na jua likatuchwea njiani mapema mno kwa mazoea yetu. Wilaya ya Vilas, ambamo mji huo umo, ina maziwa madogo na makubwa zaidi ya 1,300. Wakati wa kiangazi watu huja kuvua samaki na kuogelea. Wakati wa baridi maziwa yote hayo hugeuka viwanja vya barafu.

Mji wenyewe una wakazi wasiofika 2,000. Jioni ile, hata hivyo, mitaa ilikuwa imejaa. Nje ya kila mkahawa na kila kituo cha petroli pikipiki za theluji zilikuwa zimepangwa safu kwa safu, kama baiskeli zinavyopangwa nje ya soko la Tabora siku ya gulio.

Kwa faida ya msomaji ambaye hajakiona chombo hiki, nitakieleza. Hakina magurudumu. Mbele kina skii mbili, yaani mbao au plastiki ndefu za kutelezea, ambazo dereva huzigeuza kwa usukani kama wa pikipiki. Nyuma kina mkanda mpana wa mpira wenye meno, unaozunguka kama mnyororo wa katapila na kukisukuma mbele. Kwa kuwa uzito wake umetandazwa juu ya mkanda huo, chombo hakizami katika theluji ambayo mtu akiikanyaga huingia mpaka mapajani. Mafuta hutiwa kwa kidole gumba cha mkono wa kulia.

Mzee alitupokea mlangoni. Watoto, kama walivyofunzwa na mama yao, walimwamkia, "Shikamoo babu!" Naye, kumbe alikwisha kufundishwa na mdogo wangu kule kiwandani, akaitika bila kusita, "Marahaba!" Tukacheka sote, na hicho kilikuwa kicheko cha kwanza cha wifi nilichokisikia tangu nifike.

CHOMBO KILICHOZALIWA NA SHIDA

Jumamosi asubuhi, tulipokuwa tukinywa chai, nilimwuliza mzee ni nani aliyebuni chombo hiki. Alifurahi sana, maana mmoja wa watangulizi wake alikuwa mtu wa wilaya hiyo hiyo.

Katika kijiji cha Sayner, si mbali na Eagle River, aliishi mwenye duka mmoja aitwaye Carl Eliason. Bwana huyu alikuwa na kilema cha mguu. Rafiki zake walipokwenda kuwinda wakati wa theluji yeye alibaki nyuma, kwani kutembea katika theluji nzito kwahitaji miguu miwili mizima. Badala ya kukaa ndani na kulalamika, aliingia katika kibanda chake nyuma ya duka akaanza kuunganisha vipande: injini ndogo ya mashua, sehemu za gari kuukuu la Ford, vipuri vya baiskeli, na skii mbili. Mwaka 1924 chombo chake kilitembea. Mwaka 1927 alipata hataza ya serikali. Alitengeneza vichache tu kwa mikono yake, na baadaye haki ya kuvitengeneza ikauzwa kwa kampuni kubwa zaidi. Chombo chake cha kwanza kimehifadhiwa hadi leo katika makumbusho ya kijiji hicho.

Kisha mzee akatupa habari ya pili, ya upande wa Kanada. Katika mji wa Valcourt, jimbo la Quebec, alikuwako fundi wa magari aitwaye Joseph-Armand Bombardier. Siku hizo barabara za vijijini hazikusafishwa theluji, na familia zilifungiwa majumbani kwa miezi. Katika majira ya baridi ya mwaka 1934 mtoto wake wa kiume aliugua tumbo ghafula. Hospitali ilikuwako, lakini ilikuwa mbali, na njia yote ilikuwa imezibwa na theluji. Fundi yule alikuwa na majaribio ya chombo chake karakanani, lakini hakikuwa tayari kwa safari. Mtoto akafariki dunia.

"Alikuwa na umri gani?" wifi aliuliza.

"Miaka miwili," mzee alijibu.

Wifi hakusema neno. Alimvuta mwanawe wa kiume akamweka karibu naye. Mimi nilikumbuka masika ya kwetu, mito inapofurika na daraja kuchukuliwa, na mama mjamzito akabaki ng'ambo huku zahanati ikionekana kwa macho. Shida ya njia haichagui nchi.

Bombardier alirudi karakanani. Mwaka 1937 alipata hataza ya mfumo wake wa gurudumu la meno na mkanda, akaunda gari la kubeba watu saba juu ya theluji. Magari makubwa zaidi yakafuata, yakachukua wagonjwa, watoto wa shule na barua. Mwaka 1959 kampuni yake ilitoa chombo chepesi cha mtu mmoja au wawili kilichoitwa Ski-Doo, na hicho ndicho kilichoeneza pikipiki ya theluji katika nchi za baridi. Yeye mwenyewe alifariki mwaka 1964.

Mwaka huo huo wa 1964 ndipo watu wa Eagle River walipoanzisha mbio zao, katika ziwa dogo liitwalo Dollar Lake. Tangu hapo mbio zimekuwa zikifanyika kila Januari, na bingwa wake huitwa bingwa wa dunia. Mwaka 1974 ubingwa huo ulichukuliwa na kijana wa Quebec aitwaye Gilles Villeneuve, ambaye baadaye alipata sifa ulimwenguni kote akiendesha magari ya mbio ya Ferrari, kabla ya kufa katika ajali uwanjani huko Ubelgiji mwaka 1982. Ndugu yake, Jacques, alishinda hapo mara tatu: 1980, 1982 na 1986.

SOMO LA KUVAA

Kabla hatujaondoka kwenda uwanjani, mzee alitupanga mstari kama askari wanaokaguliwa. Alipofika kwa wifi alitikisa kichwa. Wifi alikuwa amevaa koti moja zito sana, na ndani yake gauni na soksi za pamba.

"Pamba hunyonya jasho na kukaa nalo," mzee alimweleza kwa upole, "na jasho likipoa, wewe nawe unapoa. Ndiyo maana unaumia."

Akatufundisha yafuatayo, nami nayaandika kwa ajili ya wazazi ambao watoto wao wanakwenda kusoma au kufanya kazi katika nchi za baridi. Nguo ya ndani iwe ya sufu au ya nyuzi zisizonyonya maji. Juu yake ije nguo ya kuhifadhi joto, na nje kabisa ije ya kuzuia upepo. Nguo tatu nyepesi zashinda koti moja zito, kwa kuwa hewa inayokaa katikati ndiyo inayotunza joto. Mkononi, glavu zisizotenga vidole ni bora kuliko zenye vidole, maana vidole hupashana moto vikikaa pamoja. Viatu visibane, maana mguu uliobanwa haupati damu ya kutosha. Tena mtu asitoke na njaa, kwani chakula ndicho kuni za mwili.

Wifi alivaa kama alivyoelekezwa. Tulipotoka nje alisimama kidogo, akavuta pumzi, akaniangalia kwa mshangao. "Miaka mitatu," alisema, "na hakuna mtu aliyewahi kunifundisha kuvaa!"

UWANJANI

Uwanja wa mbio umejengwa kwa umbo la yai, na mzunguko wake mmoja ni nusu maili, yaani mita 800 hivi. Chini ni barafu tupu. Hutengenezwa kwa maji: magari ya maji huzunguka na kumwaga tabaka juu ya tabaka, kila moja likingojwa ligande, mpaka barafu iwe nene na ngumu kama saruji. Pikipiki za mbio zina misumari ya chuma katika mkanda wake na visu vya chuma kigumu chini ya skii, la sivyo zingeteleza zote pembeni. Huzunguka kuelekea kushoto tu. Dereva akiingia kwenye kona huutupa mwili wake wote upande wa ndani hadi goti likaribie kugusa barafu, huku vumbi la barafu likimrukia aliye nyuma yake hata asione kitu. Penye njia iliyonyooka pikipiki za daraja la juu hufikia maili 100 kwa saa, yaani kilomita 160.

Watazamaji walisimama kwenye mteremko, familia kwa familia, babu na wajukuu. Harufu ya petroli iliyochanganywa na oili ilitanda hewani. Wauza chakula walikuwa na soseji, jibini ya kukaanga na supu nzito ya maharage. Wifi aliuliza kwanza kama soseji ni za nguruwe. Alipojibiwa kwamba ndivyo, tuliagiza supu, ambayo nyama yake ilikuwa ya ng'ombe, nasi tukaishika mikononi kwa muda kabla ya kuinywa, kwa ajili ya joto lake.

Watoto nao wana mbio zao, kwa pikipiki ndogo zenye injini ya sentimita za ujazo 120. Wapwa zangu walipowaona watoto wa rika lao wakipita na kofia ngumu kubwa kuliko mabega, walipiga kelele mpaka wakakauka koo. Mama mmoja aliyesimama karibu nasi, ambaye mwanawe alikuwa mmoja wa madereva hao, aliona binti yetu akipuliza vidole. Akatoa mfukoni vifuko viwili vidogo vyenye unga wa chuma, ambao ukikutana na hewa hupata joto lenyewe, akamtia mikononi. Kisha akaanza kuzungumza na wifi. Wakaongea habari za watoto, shule, na bei ya nguo za baridi. Wifi hakuwa amezungumza kwa muda mrefu hivyo na mtu wa nje tangu nifike.

Alasiri ilitokea ajali. Pikipiki mbili ziligusana kwenye kona, moja ikapinduka na dereva wake akateleza juu ya barafu hadi kwenye kizuizi laini cha pembeni. Bendera nyekundu ikapandishwa. Injini zote zikazimwa, na uwanja mzima ukawa kimya kiasi cha kusikia viatu vya wahudumu vikikimbia. Gari la wagonjwa likasogea. Hakuna aliyekaa, hakuna aliyekula. Baada ya dakika ambazo nilizihesabu kuwa nyingi, yule kijana aliinua mkono mmoja, kisha akainuka mwenyewe. Watu walipiga makofi kuliko walivyompigia mshindi yeyote siku ile.

Wakati wa kurudi mzee alituambia kwamba uwanjani si mahali pa hatari kuliko pote. Pale kuna kofia ngumu, kuna daktari, na kila dereva amefungwa kamba inayozima injini akianguka. Hatari kubwa iko nje, usiku, juu ya maziwa. "Rafiki yangu mmoja alitoka baa akakata njia juu ya ziwa," alisema. "Barafu ilikuwa nene ufukoni, nyembamba katikati penye mkondo. Tulimpata siku ya pili." Pombe, mwendo wa kasi na barafu nyembamba ndiyo maadui watatu wa mchezo huu. Sheria ya Wisconsin yamtaka kijana aliyefikisha miaka 12 awe na cheti cha mafunzo ya usalama kabla ya kuendesha peke yake, na hata watu wazima waliozaliwa kuanzia mwaka 1985 wanatakiwa kuwa nacho.

NJIA ZA WATU WOTE

Jambo moja zaidi lilinigusa. Jimbo lile lina njia za pikipiki za theluji zenye urefu wa zaidi ya maili 25,000, yaani kilomita 40,000, na sehemu kubwa inapita katika mashamba ya watu binafsi. Mwenye shamba anaweza kukataa, lakini wengi hukubali kwa hiari. Wanaozitunza ni vyama vya wanakijiji. Wanachama hukata matawi, hujenga madaraja madogo, huweka alama, na usiku wengine wakilala wao huendesha matrekta ya kusawazisha theluji ili asubuhi njia ziwe laini. Gharama husaidiwa na ada wanazolipa wenye pikipiki. Katika mji wenyewe, barafu ya ziwa ikiwa nene ya kutosha, wazima moto wa kujitolea na majirani zao huikata kwa misumeno na kujenga ngome ya barafu katikati ya mji, kwa ajili ya kupendeza macho tu.

Mji ule ungeweza kufunga milango na kungoja kiangazi. Watu wake waliamua kwa pamoja kuufanya msimu wa shida uwe msimu wa riziki na wa kukutana.

Jumapili tulitazama fainali. Madereva walijipanga, bendera ikashuka, na kishindo chake nilikisikia kifuani kabla ya masikioni. Katika mizunguko ya mwisho wawili walikuwa bega kwa bega. Nilipogeuka kumtazama wifi, alikuwa amepanda juu ya kiti, kilemba chake kimelegea, akimshangilia dereva wa pikipiki ya manjano ambaye hakumjua hata jina. Dereva wake hakushinda. Yeye hakujali.

BAADA YA HAPO

Sitaki kumdanganya msomaji kwamba siku tatu zilimaliza upweke wa miaka mitatu. Lakini Jumatatu asubuhi, tulipokwisha kurudi Milwaukee, wifi alifungua mapazia. Juma lile aliwapeleka watoto kuteleza katika kilima cha bustani ya jirani. Alipata shoga wawili huko, mmoja Mkongomani aliyezungumza naye Kiswahili. Shauri la nauli halikutajwa tena muda wote niliokuwako.

Majira ya baridi ya mwaka 2023 kuingia 2024 yalikuwa ya joto kuliko yote yaliyowahi kurekodiwa katika jimbo la Wisconsin. Njia nyingi za theluji hazikufunguliwa, nyumba za wageni zilikaa tupu, na serikali ya Marekani ililazimika kutoa mikopo ya dharura kwa wafanyabiashara waliokosa theluji. Waliojifunza kuishi kwa baridi sasa waliiona ikiwakimbia.

Wifi alinipigia simu katika siku hizo. Nilimwuliza habari za huko, nikitazamia kusikia kwamba anafurahia joto. "Si njema, wifi," alinijibu. "Siku hizi tunaona majani makavu tu. Watoto wananiuliza theluji itakuja lini, nami sina la kuwaambia."